Siku Mama Alipofumua Sweta la Baba

Jumapili iliyopita nilikuwa napiga pasi sweta la mtumba la binti yangu, lile analovaa mvua ikinyesha. Lilikuwa halijakauka vizuri, maana huku Tegeta mvua ilikuwa imegoma kukatika tangu Ijumaa. Pasi ilipogusa tu mkono wa sweta, mvuke ukapanda na harufu ikanifikia, harufu ya sufu iliyolowa, ile ya kondoo aliyenyeshewa. Nikasimama na pasi mkononi. Binti yangu akauliza kama umeme umekatika. Nikamwambia haujakatika, nenda kacheze.

Wa rika langu mliokulia Dar mtanicheka. Sweta na Dar, wapi na wapi? Lakini mimi nimekulia kwenye sufu. Tulikaa Yombo, upande wa Temeke, chumba na sebule katika nyumba ya kupanga yenye ua mmoja wa wapangaji wote. Mama alikuwa mtu wa Njombe. Usichana wake aliupitisha kwa masista wa misheni, wakamfundisha kuosha manyoya ya kondoo, kuyachana, kuyasokota yawe uzi, kuutia uzi rangi na kuufuma. Alipoolewa akaja na ufundi wake wote huo kwenye mji ambao watu hulala juu ya saruji kutafuta ubaridi. Hakuuacha. Alikwenda Buguruni kwenye mitumba, akanunua masweta makuukuu, akayafumua na kufuma kofia na soksi za vichanga, kisha akawauzia kina mama wa kliniki. Sindano zake zilikuwa spoku za baiskeli zilizonolewa sakafuni.

Nilikuwa nikienda naye huko Buguruni. Wanawake wengine waliinua nguo wakaitazama rangi, wakajipimia kifuani. Mama aliigeuza. Alishika pindo la chini akaligeuza nje ndani, akatazama mishono kwa nyuma, kimya, wakati muuzaji anapiga kelele zake. Sweta lililokatwa kwa mkasi kiwandani halifumuliki, uzi wake hutoka vipandevipande. Lile lililofumwa likaunganishwa kwa uzi hufumuka lote bila kukatika. Mama alijua kwa kugeuza pindo tu, na mara nyingi alilirudisha sweta mahali pake bila kuuliza bei.

Baba alikuwa dereva wa lori. Mzigo aliupakia Kurasini, kwenye yadi za makontena, akaupeleka Tunduma na kuvuka mpaka. Alinifundisha vituo vya njia yake kama watoto wengine wanavyofundishwa kuhesabu: Kibaha, Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako. Pale Makambako, alisema, asubuhi usukani haushikiki kwa baridi. Kwa ajili ya baridi hiyo alikuwa na sweta la kijivu alilofumiwa na mama kabla hawajaoana, kwa manyoya ya kondoo wa bibi yangu, uzi aliousokota mama mwenyewe. Lilikuwa zito, lina kola ndefu, na lilinuka dizeli, sigara na kondoo.

Alipokuwa nyumbani, sweta lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Alipoondoka, liliondoka naye. Mimi nikajiwekea sheria yangu kichwani, ambayo hakuna mtu aliyenifundisha: msumari ukiwa mtupu baba yuko mbali, sweta likiwapo baba yupo au yuko karibu kufika.

Safari moja aliliacha. Ilikuwa wakati wa joto kali. Mama alilitoa kwenye msumari akamfuata nalo mpaka mlangoni.

"Liache tu," baba alisema. "Huko nako sasa hivi joto."

"Na alfajiri je?"

"Blanketi lipo kwenye gari, Mama Edina. Liache."

Mama alilirudisha. Mimi nilifurahi, nawaambia kweli. Sweta limebaki, kwa hiyo safari hii ni fupi. Nilimpungia baba mkono kwa haraka haraka kama mtu anayekwenda dukani.

Mvua za masika zikaja, zikaisha. Mama alikuwa akipiga simu, inaita, haipokelewi. Baadaye ikawa haiiti kabisa. Hakuniambia kitu na mimi sikuuliza, kwa sababu sikuona cha kuuliza. Sweta lilikuwa pale. Mama akienda sokoni nilikuwa nageuza ndoo, napanda juu yake na kuingiza kichwa ndani ya sweta kwa chini. Humo kulikuwa na giza la kijivu lenye vitundu vidogo vya mwanga. Nilikaa humo mpaka shingo inaniuma. Nje uani watoto walikuwa wanacheza rede, nasikia wanavyobishana nani kapigwa na nani hajapigwa. Walikwisha kuacha kuniita. Mtoto ukikataa mchezo mara kadhaa kwa sababu unamsubiri baba yako, wenzako hawakusubiri.

Kikaja kipupwe, ule msimu ambao hata sisi wa Dar hujifunika shuka asubuhi. Nikajua wakati umefika. Kama hapa tu kuna ubaridi, Makambako itakuwaje? Atalihitaji sweta, atalifuata. Nilianza kukaa mlangoni nikitoka shule.

Siku hiyo nilirudi nikaona msumari mtupu. Nilidhani amekuja, amelivaa, ametoka kidogo. Nikakimbilia uani nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka na sweta limelala mapajani mwake, limegeuzwa ndani nje. Alikuwa anatafuta kwa ncha ya kidole pale shingoni alipolimalizia miaka hiyo. Akapaona, akakata uzi kwa wembe, akaanza kuvuta.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafumua. Njoo unishikie uzi."

"Baba atavaa nini?"

"Nyoosha mikono, Edina."

Waliowahi kumsaidia mfumaji wanaijua kazi hiyo. Unakaa mbele yake, mikono imenyooka, viganja vinatazamana, na yeye anauzungusha uzi kwenye mikono yako ili ukae fundo moja refu lisilojisokota. Huruhusiwi kushusha mikono, huruhusiwi kujikuna. Uzi uliotoka kwenye sweta la baba ulikuwa umejikunjakunja, bado unakumbuka mishono yake. Nilikuwa nautazama unavyokuja. Ilitoka kola kwanza. Yakaja mabega. Kikaja kifua. Nilimwona baba anapungua. Na kila duara lililopita mikononi mwangu nilimsikia akirudi nyuma kituo kimoja, yupo Chalinze, sasa Morogoro, sasa Mikumi, lori linakwenda kinyumenyume na yeye hageuki kutazama. Nilipofika Makambako nikaanza kulia.

"Mikono imechoka?" mama akauliza.

Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema hivyo kuliko kueleza. Akanipumzisha kidogo, akaniletea maji, kisha tukaendelea hadi pindo la mwisho. Jioni hiyo sweta lilikuwa mafundo ya uzi kwenye beseni la maji na sabuni, na maji yalikuwa yametoka meusi kwa dizeli. Mama aliyamwaga kwenye mfereji wa uani. Nilichuchumaa nikayatazama yakienda.

Kwa kuwa mtoto hawezi kukaa bila tumaini, kesho yake nilipata jipya. Mama alisema anataka kuutia uzi rangi. Nikajipa jibu: sweta la baba lilikuwa limechakaa, anamfumia jipya, la rangi nzuri zaidi. Hasira zikaniisha. Nikawa nashinda nyuma yake nimshikie hiki, nimletee kile.

Rangi tuliipata kwa Bi Mwanahawa, jirani yetu wa chumba cha pembeni, mwenyeji wa Pwani aliyekuwa akisuka mikeka ya ukili na kuuza. Ukili huchemshwa na rangi ya unga kwenye sufuria kubwa, na yeye hakukosa pakiti ndani. Alitoa ya zambarau.

"Mwenzangu, na joto la mji huu, sweta la nini?" alimuuliza mama. "Si bora nikufundishe mkeka? Mkeka una faida, unalalia."

"Nitajifunza, Bi Mwanahawa. Ngoja nimalize hili."

"Haya. Ila rangi yangu haitaki mchezo. Moto mkali, ugeuze kwelikweli, mpaka inywe."

Mama alicheka kidogo, akasema uzi wa kondoo si ukili. Uzi wa kondoo huwekwa kwenye maji ya vuguvugu, yenye siki kidogo, moto mdogo, na hauguswi. Masista walikuwa wakimchapa vidole akiukoroga. Alitumbukiza mafundo taratibu, akapunguza mkaa, akaniambia nilinde kuku wasisogelee. Halafu ikatangazwa kuwa bomba la jirani linatoa maji, akachukua ndoo akakimbilia foleni.

Bi Mwanahawa alitoka ndani akatazama sufuria. Mwanamke yule alikuwa mwema, hilo nalisema mapema. Hakuweza kuona kazi ya mwenzake inalala. Akavunja vunja mkaa, akaupepea mpaka ukawaka vizuri, akaenda kuleta mti wake wa kugeuzia ukili. Nikamwambia, "Bibi, mama kasema usiguswe." Akaniambia, "Mwanangu, mie nimetia rangi kabla mama yako hajazaliwa." Akageuza. Aligeuza kwa nguvu za mikono yote miwili, juu chini, maji yanachemka, mvuke wa zambarau unapanda, naye anaimba zake kwa sauti ya chini. Alifurahi kweli kuona rangi inavyoshika.

Mama aliporudi akaweka ndoo chini polepole. Aliinua fundo moja kwa mwiko. Sufu ikichemka na kukorogwa hushikana yenyewe kwa yenyewe, haiachani tena. Nyuzi zilikuwa zimegandamana zikawa kitu kimoja kigumu, kama kipande cha zulia. Bi Mwanahawa akaacha kuimba.

"Mama Edina, nimeharibu?"

"Si yote," mama alisema. Alikuwa anatenganisha mafundo yaliyokuwa chini ya sufuria, ambayo mti haukuyafikia sana, na kuyaweka kwenye beseni. "Haya yamepona."

"Yatatosha?"

"Yatatosha sweta la mtoto."

Bi Mwanahawa alimtazama. "Kwani ulikuwa unafuma la nani?"

Mama alichukua yale yaliyoganda akayatandaza juani juu ya bati, akaendelea kuosha yaliyopona. Miaka mingi nimejiuliza swali lile la Bi Mwanahawa na sijawahi kumuuliza mama. Kama alikuwa anataka kumfumia baba upya, sijui. Kama sufuria ile ndiyo iliyomwamulia, sijui pia. Ninachojua ni kwamba mimi, kwa akili yangu ya wakati ule, nilikuwa nimempata wa kumlaumu. Bi Mwanahawa ndiye aliyemzuia baba yangu kurudi. Alipotuletea vitumbua kesho yake kuomba radhi, nilikataa kula, nikakaa chooni mpaka alipoondoka. Mama aliniita mara moja tu, akaniacha.

Alifuma sweta akinipimia mimi. Kila baada ya siku chache aliniita nisimame, akaniwekea kipande mgongoni, akavuta kwapani, akasema "bado kidogo." Sikutaka kusimama. Kila alipolipima niliona linazidi kuwa langu na kuzidi kutokuwa la baba. Nilikuwa nakaa karibu naye kimya, spoku zinagongana, redio ya wapangaji wa upande wa pili inapiga nyimbo za harusi, na sebule yetu ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Mama hakuwa mtu wa maneno. Nadhani alijua nina jambo, na mimi nilijua ana jambo, na kila mmoja akalinda la kwake. Ndiyo upweke nilioujua mimi utotoni, wa watu wawili kwenye mkeka mmoja.

Likaisha. Lilikuwa la zambarau iliyokolea, lina kola ndefu kama lile la zamani. Asubuhi za kipupwe alinivalisha nikienda shule, na watoto wa Yombo hawakuniacha salama. Waliniita bilinganya. Niliponusa mikono ya sweta nilikuta siki na sabuni, na kondoo kwa mbali. Dizeli haikuwapo hata chembe.

Jumamosi moja asubuhi, kabla jua halijapanda, nilikuwa nafagia uani nimelivaa. Geti la bati likagongwa, likafunguliwa. Alikuwa baba. Alikuwa amebeba mfuko wa viazi na maparachichi, mabega yale yale, na mwendo wake wa kuchechemea kidogo kwa kukaa sana.

Nilitupa ufagio. Nilikuwa nimeamini kwa moyo wote kwamba hawezi kurudi, kwa kuwa hakuna tena kitu cha kukirudia, na huyu hapa amerudi. Sikumwamkia hata. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulivua lile sweta, likanikwama kichwani, nikalivuta mpaka masikio yakaniuma, nikamnyooshea.

"Chukua, baba. Ni lako. Bi Mwanahawa aliliunguza lakini ni lako."

Akacheka. "Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba." Alilipokea, akalipima kifuani pake. Lilifika kwenye mbavu. Akaligeuza huku na huku na sura yake ikabadilika kidogo, nadhani alikuwa ameijua kola. "Hili limekuwa lako, mama. Vaa, kuna baridi."

Ndipo nilipoona kwamba juu ya begi lake la bega alikuwa amelaza sweta jingine. Lilikuwa la buluu, jipya, lenye mstari mweupe kifuani.

Mama alitoka akamkaribisha kama mgeni, kwa adabu zote. Alimpa kiti. Alimpa maji. Walisalimiana habari za safari, za kazi, za mvua. Baba alisema kampuni imemhamishia Tunduma, atakuwa anakaa huko huko, na amekuja kuchukua nguo zake zilizobaki. Aliyasema yote hayo akiitazama bilauri. Mama alisema sawa. Akaingia ndani akatoa begi la nguo, lilikuwa limefungwa tayari, sijui alilifunga lini. Akaliweka miguuni pake.

Sweta la buluu lilikuwa kwenye mkono wa kiti. Mama alilichukua. Nilidhani anataka kulikunja. Alishika pindo la chini akaligeuza nje ndani, kama alivyokuwa akifanya Buguruni, akatazama mishono kwa nyuma, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Baba aliacha kunywa maji. Uani palikuwa na wapangaji wanafua, nao waliacha kusugua, au mimi ndiye niliyeacha kuwasikia.

"Anafuma vizuri," mama alisema.

Mama alilirudisha kwenye mkono wa kiti, akalilaza vizuri.

"Nani?" nikauliza. "Nani anafuma vizuri?"

Nilipouliza tu nikawa nimejua. Nilijua kwa sababu ya lile jambo la kugeuza pindo. Mama aligeuza mapindo ya nguo ambazo mtu mwingine alikwisha kuzimaliza, na hili baba alifumiwa na mwanamke mwingine. Baba alinishika kichwa, akachukua begi, akavaa sweta lake la buluu ingawa jua lilikuwa limeshatoka, akaondoka. Nilisimama getini mpaka mgongo wa buluu ulipopotea kwenye kona ya duka la mkaa. Sikutaja kituo hata kimoja. Nilimchukia, kisha nikaogopa kumchukia, kisha nikarudi ndani kumalizia kufagia. Jioni nilienda kwa Bi Mwanahawa nikamwomba kitumbua, naye akanipa viwili.

Hayo nilikuwa sijamwambia mtu. Jumapili ile baada ya kumaliza kupiga pasi, nilimpigia mama. Siku hizi anakaa Njombe kwenye nyumba ya bibi, na bado anafuma, ingawa macho yamepungua. Tuliongea habari za mvua na za mahindi. Halafu nikamuuliza, bila kupanga, kwa nini siku ile alisema vile. Kwa nini amsifie mwanamke yule. Mimi ningelitupa sweta lile mferejini.

Nilisikia akiweka spoku zake chini.

"Nilisema kwa kuwa alikuwa anafuma vizuri," alisema. "Ila uzi aliukaza mno. Haikuingia hata ncha ya kucha. Mtu hukaza vile akiwa amekaa peke yake, sikio lake liko barabarani. Mie sweta la baba yako nililikaza vile vile."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilimwonea huruma, Edina. Alikuwa bado hajajua kwamba kukaza uzi hakumzuii mtu kuondoka."